Kadi ya Nanjala. Sehemu ya Tisa: Makaburi Mawili

Tulimwacha Achola mkasi ukiwa katikati ya kitambaa, na mbele ya kibanda chake amesimama Chrispinus, jogoo kwapani, meno yote nje. Wenye roho nyepesi mlidhani amekuja kupigana. Poleni. Alikuja kushukuru, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Shemeji, mke wangu yuko wapi?"

"Ameenda kuleta uzi."

"Na hali aliyo nayo, unamtuma uzi?"

"Hali gani?"

Chrispinus akacheka. Mwanamume huyu ni dereva wa lori la Juba, wiki tatu barabarani, siku mbili nyumbani, na kwa kawaida uso wake hufanana na barabara yenyewe. Siku hiyo uling'aa. Akatoa simu mfukoni.

"Wiki ya ishirini na nne, shemeji. Asubuhi nilichukua simu yake niangalie saa, nikakuta ujumbe wa hospitali. Nikajitumia. Sikiliza." Akakohoa kama mtu anayesoma somo kanisani. "'Mpendwa Nanjala, mimba yako imefikisha wiki ishirini na nne. Mtoto sasa anasikia sauti. Zungumza naye.'"

Hapo mkasi ulianguka.

Anayeanza na sisi leo asihangaike, namwelezea kwa pumzi moja. Achola ni mwanamke wa kijiji cha Mwello, fundi wa yunifomu pale Busia upande wa Uganda, mke wa Opendi, mama wa watoto watatu, mkubwa wao Patience, na wa nne alikuwa tumboni. Uzazi wa tatu ulimtoa damu mpaka akazimia, na daktari akamwonya: huyu wa nne usimzalie mbali na chumba cha upasuaji. Cha karibu kilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Tatizo, dakika hizo kumi zinavuka mpaka, na upande wa Kenya wanataka kadi ya bima ya Kenya.

Nanjala, Mkenya, mshonaji mwenzake wa kibanda kimoja, alikuwa na kadi. Alichokosa ni mtoto. Miaka tisa ya ndoa, mimba mbili zimetoka. Akaitoa kadi kwenye sidiria, akaiweka juu ya cherehani. "Chukua, Mama Patience. Mimi hainisaidii kitu."

Basi Achola akawa Achola huku, na Nanjala kule. Sista akiita "Nanjala!" anasimama bila kufikiri. Walipanga kila kitu, wanawake wawili wenye akili zao timamu. Walisahau kimoja tu. Namba ya simu kwenye faili ilikuwa ya Nanjala mwenyewe, na kila Jumatatu hospitali iliwaandikia wajawazito wake wote.

"Nilipomwonyesha ule ujumbe," Chrispinus aliendelea, "hakusema neno. Alilia tu. Nami nikalia. Tumelia mpaka chai ikapoa. Baadaye akaniambia wewe ndiye unakwenda naye kliniki. Huyu jogoo ni wako, shemeji. Mungu akubariki wewe na huyo wako tumboni. Watakua pamoja."

Achola akamtazama jogoo. Jogoo akamtazama Achola. Mmoja wao alikuwa mkweli.

Maneno ya kusema yalikuwa mafupi: shemeji, tumbo ni moja, na ni langu. Alifungua kinywa ayaseme. Yakatoka mengine.

"Asante, shemeji. Ni mnene kweli."

*

Nanjala aliporudi na uzi, alikuta mwenzake amemfunga jogoo kwenye mguu wa cherehani.

"Wewe nasema nini kwa bwana yako?"

"Sijasema kitu."

"Hicho kitu hujasema ndiyo imenijia hapa na mabawa?"

Nanjala akaketi kwenye roba la vitambaa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuuzia samaki, lakini siku hiyo sauti ilikuwa imemkimbia.

"Hukuiona sura yake, Mama Patience. Mama yake ameshamtafutia msichana huko Kimilili. Amemtaja kwa jina. Chris alikuwa amekubali kwenda kumwona mwezi wa nane. Leo asubuhi amempigia mama yake akamwambia, 'Achana na yule msichana, wangu amebeba.' Ningesemaje?"

"Ungesema ni yangu."

"Sema wewe basi. Jogoo alikuwa mikononi mwake, mbona hukusema?"

Achola akakaza kamba mguuni mwa jogoo. Kuna jambo lililomfunga mdomo. Mwezi wa tatu, alipogundua ana mimba, alikuwa amekaa palepale akasema kwa sauti, Nanjala akisikia: "Huyu sikumwita. Anayemtaka aje amchukue." Ni maneno ya mwanamke aliyechoka, nani hajawahi kuyasema? Lakini aliyasema mbele ya mtu aliyekuwa na njaa ya mtoto.

"Mwambie Jumapili," Achola akasema.

"Jumapili anaondoka na mzigo."

"Basi Jumamosi."

Jumamosi ilikuja, ikapita, na lori likaondoka na dereva mwenye furaha.

*

Siri ya namna hii inahitaji watu wenye nafasi ya kukaa na kuifikiria. Hawa hawakuwa nayo. Mwezi wa saba wimbi, yaani ulezi, lilikuwa limeiva Mwello na Opendi alikuwa anashinda shambani, siku mbili huko, siku moja Busia kupakia magunia ya mahindi. Shule za Kenya zilikuwa zinafunguliwa mwisho wa mwezi wa nane, za Uganda katikati ya mwezi wa tisa. Nchi mbili, kalenda mbili, na wazazi wa pande zote mbili wana tabia moja: wanakumbuka yunifomu siku tatu kabla.

Nyumba ya Achola ikageuka kiwanda. Patience, binti wa miaka kumi na miwili, alipika na kupiga pasi. Sandra, wa miaka minane, alipanga kola. Owor, wa miaka minne, kazi yake ilikuwa kulala juu ya sketi zilizokwisha kupigwa pasi. Opendi akirudi na wimbi, anakuta kitanda kimejaa mashati, analala kwenye mkeka na hanung'uniki. Alikuwa mwanamume mpole, wa kusema mara moja.

Na lile la mara moja alilisema.

"Mama Patience, hii kadi imeanza kunitia baridi. Shangazi yangu yuko Tororo mjini, karibu kabisa na hospitali. Nenda ukae kwake mpaka ujifungue. Kwa jina lako."

"Nakwenda. Nikimaliza hizi za Uganda."

"Lini?"

"Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tisa."

Opendi akaiandika tarehe hiyo kwa makaa ukutani, juu ya kitanda. 

*

Mwezi wa nane, katikati, Achola alifika kibandani asubuhi akamkuta Nanjala ana tumbo.

"Banange! Hiyo nini?"

"Leso tatu na taulo."

"Nanjala!"

"Chris amerudi jana. Ningefanyaje? Usiniguse, itashuka."

"Na kitandani je? Hagusi?"

"Nimemwambia daktari amekataza. Anaheshimu, maskini. Ila leo asubuhi amepiga magoti akaongea nayo."

"Na nini?"

"Na taulo, Mama Patience. Si ameambiwa mtoto anasikia."

Achola alijaribu kujizuia. Hakuweza. Alicheka mpaka akashika meza, na Nanjala akacheka, na leso moja ikachungulia chini ya gauni, wakacheka zaidi, hata Odeke, muuza ndoo wa jirani, akauliza kwa sauti kama kuna mtu ameokota bahasha ya hela. Wakacheka mpaka Achola akagundua kwamba anacheka peke yake.

"Aliiambia nini?" akauliza polepole.

Nanjala alikuwa anajifuta macho kwa kola ya shati la mtoto wa watu.

"Ameiambia, 'Tumekungoja sana, lakini hatujakasirika.'"

 Cherehani ya Achola ikaanza kukimbia, ikasimama.

"Sasa nikizaa, wewe utazaa nini?"

Nanjala hakuinua macho. "Nitasema amekufa. Wawili wamekufa tayari. Wa tatu nani atashangaa?"

Achola aliliziba tumbo lake kwa mikono miwili, kama mtu anayeziba masikio ya mtoto.

"Usitamke neno hilo mbele ya huyu! Umesikia? Usitamke!"

"Ni la kwangu nasema, si la kwako."

"La kwako iko wapi? Iko moja tu hapa!"

Siku tisa hawakusemezana. Kibanda kimoja, pasi moja, mkasi mmoja, na hawasemezani. Walikuwa wanaombana mkasi kupitia kwa Odeke. Siku ya kumi miguu ya Achola ilivimba mpaka viatu vikakataa. Nanjala akaja na beseni la maji ya vuguvugu na chumvi, akachuchumaa, akaiweka miguu ya mwenzake ndani, mmoja mmoja. Hakuomba msamaha. Achola hakuudai. Walianza kuongea habari ya zipu.

Kule kliniki, sista alipopima presha alitikisa kichwa. "Nanjala, unafanya kazi gani wewe?"

"Nakaa tu, sista. Nashona."

"Acha kushona. Lala. Umenisikia, Nanjala?"

"Nimesikia, sista."

Akarudi kwenye sketi sitini. Jina lililoambiwa lilale halikuwa lake, na nadhani sikio nalo lilijua hivyo.

*

Jumatatu, tarehe nane ya mwezi wa tisa, saa nne asubuhi. Siku nne kabla ya tarehe ya ukutani.

Achola alikuwa anakata mfuko wa shati. Akasikia maji ya moto yanashuka miguuni. Akasema tu, "Nanjala." Mwenzake akamtazama, akatupa kila kitu, akampakia kwenye boda, yeye nyuma akimshikilia kiunoni. Wakavuka mpaka hivyohivyo, wanawake wawili na dereva asiyetaka kugeuza shingo.

"Jina?" wakamwuliza mlangoni.

Uchungu ukiwa umemkata katikati, alijibu bila kukosea: "Nanjala."

Saa nane mchana akazaliwa msichana. Mdogo, mdogo sana. Alilia kama paka aliyefungiwa nje, na madaktari wakamkimbiza kwenye sanduku la kioo lenye joto. Walifanya kazi yao, tuwape haki yao. Achola hakumwaga damu safari hii. Alikalishwa kwenye kiti cha magurudumu, akasukumwa mpaka kwenye kioo, akapitisha kidole kwenye tundu. Msichana akakishika.

Huyu sikumwita, alikumbuka. Na hapo akamwita kimoyomoyo kwa kila jina alilolijua.

Opendi akaja jioni hiyo, kofia mkononi. Alitazama kioo kwa muda mrefu. "Ni Awor," akasema, kwa jina la mama yake marehemu. "Tazama anavyokunja midomo. Mama alikuwa anakunja hivyo akikataa chakula." Siku ya pili akapanda kwenda Mwello kulitangaza jina kwa baba yake, kwa sababu jina la mama wa mtu halipelekwi kwa simu.

Jumatano, saa mbili asubuhi, Awor aliacha kukunja midomo.

*

Achola hakupiga ukelele. Kwao ukelele wa msiba hupigwa nyumbani, na hapo hapakuwa nyumbani, wala jina lililokuwa juu ya kitanda chake halikuwa lake. Alimpigia mume wake. 

"Mlete nyumbani," Opendi akasema. "Nachimba karibu na mama. Halafu nakuja kukuchukua na pikipiki ya jirani Oguttu. Asizikwe jua likiwa limepita kichwani."

Walikaa kwenye benchi nje, yeye na Nanjala, mbele ya dirisha wanapotolea maiti. Ukutani tangazo: atakayekutwa na kadi isiyo yake atakabidhiwa polisi. Achola alikuwa amelipita tangazo hilo tangu mwezi wa nne bila kulisoma. Siku hiyo alilisoma mara saba.

"Nilitamka mimi," Nanjala akasema. "Mwezi wa nane. Nilitamka."

"Nyamaza."

"Naenda pale dirishani niwaambie ukweli."

"Ukisema wanatushika wote wawili, na mtoto wangu anakaa kwenye friji mpaka kesi iishe. Unataka akae kwenye baridi? Yule alikuwa anakaa kwenye joto, Nanjala. Kazi yake yote duniani ilikuwa kukaa kwenye joto."

Nanjala akaanza kulia.

"Lia baadaye," Achola akamwambia. Sauti yake ilikuwa kavu kama kitambaa kipya. "Sikia. Wewe ndiye mama kwenye karatasi. Nenda na kitambulisho chako, tia sahihi, wakupe. Ukitoka geti, unanipa. Opendi anafika saa tano. Mimi naenda na mtoto wangu. Basi. Hakuna mtu atajua."

"Na Chris?"

"Chris yuko Juba."

Nanjala akafuta uso. Akasimama, akanyoosha sketi, kitambulisho mkononi. Akapiga hatua ya kwanza.

"Mke wangu!"

Wote wawili waligeuka.

Faili ni kitu kisichosahau. Faili la Nanjala lilikuwa na miaka sita, tangu mimba yake ya kwanza ilipotoka, na ndani yake kulikuwa na namba ya mume. Jumatatu hospitali ilimpigia: mkeo amejifungua msichana, ni mdogo, njoo. Chrispinus alimwachia turniboi, utingo wake, lori mpakani mwa Sudan Kusini, akapanda kila chenye magurudumu; mkewe hakumpigia, asimzidishie hofu. Jumatano saa mbili walimpigia tena akiwa anakaribia Bungoma. Hapo akamwita mama yake.

Na sasa alikuwa anapita getini, macho mekundu, kwapani amebeba sanduku jipya la mbao, dogo, lisilozidi la kuwekea cherehani. Nyuma yake mama yake, Mama Bridgit wa Kimilili, kitambaa cheupe kichwani, kanga mpya mkononi ya kumfungia mtoto.

Chrispinus aliweka sanduku chini akamkumbatia Nanjala. Leso zilikuwa nyumbani. Tumbo lilikuwa bapa, na ubapa huo ndio uliomvunja. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, mbele ya walinzi.

"Pole, mama. Pole. Umeyapitia peke yako."

Nanjala alikuwa amesimama kama nguzo ya umeme, mikono chini. Juu ya bega la mumewe, macho yake yalikuwa kwa Achola.

Ndipo Chrispinus akamwona. "Shemeji! Hata wewe?" Alitazama tumbo lake. "Umejifungua kabla ya siku, kama huyu?"

"Ndiyo."

"Na wako? Mzima?"

Fikirini jibu ambalo Achola angetoa. Akisema amekufa, wataulizwa huyo wa pili yuko wapi, na aliyekufa pale ni mmoja. Kila mlango aliousukuma kichwani ulifunguka kwenye chumba cha polisi, na mtoto yuko ndani kwenye baridi.

"Mzima," akasema.

Neno lilimtoka kama jino.

"Mungu asifiwe," Chrispinus akasema, na alimaanisha. "Angalau mmoja. Mtunze sana, shemeji. Huyo sasa ni wetu sote."

*

Dirishani walitaka vitambulisho viwili, cha mama na cha baba. Walivipata, na vililingana na faili kwa kila herufi. Nanjala alitia sahihi. Karani akamwambia, "Pole, mama," kama anavyowaambia wote.

Wakamtoa. Alikuwa kwenye kitambaa cha kijani cha hospitali, hazidi mkate.

Achola aliinuka kidogo kwenye benchi, akakaa tena.

Chrispinus alimpokea kwa mikono miwili, akafunua uso. Akamtazama, akamtazama, halafu akamgeukia mama yake na kitu kama tabasamu kikapita kwenye machozi.

"Mama, ona. Paji la uso la baba."

Mama Bridgit akasogea, akavaa miwani. Alikuwa mwanamke wa kuzalisha watu kijijini kwao kwa miaka thelathini, na mtoto alimkagua kama anavyokagua wote. "Ndiyo," akasema baada ya muda, kwa upole. "Ni la baba yako."

Lilikuwa la Opendi. Lilikuwa la Opendi waziwazi, lile paji pana linalosinyaa katikati, na Achola aliyekuwa hatua nne kutoka pale aliliona likipewa babu wa Kimilili, akauma kidole.

"Mvua imeanza kunyesha kwetu," Chrispinus akasema. "Tumwite Nafula, wa mvua. Kaburi liko tayari, kaka zangu wamechimba tangu asubuhi. Karibu na baba. Najua mtoto wa siku mbili huzikwa na akina mama kimyakimya nyuma ya nyumba, lakini huyu nimemngoja miaka tisa. Huyu tunamwimbia."

Siku mbili duniani, majina mawili. Kaburi moja Mwello, moja Kimilili, yote yamefunguliwa asubuhi ileile na wanaume waliochimba huku wakilia, na wote wawili wanamsubiri msichana mmoja.

"Chris," Nanjala akasema.

"Naam, mke wangu."

Nanjala akalitazama sanduku. 

"Chris, mimi..."

"Usiongee. Keti. Usisimame hivyo, umetoka kuzaa juzi." Akamkalisha kwenye benchi, akamfunika mabega kwa koti lake. Hakujua kwamba alimkalisha karibu na mama wa mtoto, bega kwa bega.

Simu ya Achola ikatetemeka mapajani. Opendi.

"Nimefika mpakani. Nimekuja na blanketi. Mko wapi?"

"Ngoja," Achola akanong'ona.

"Jua linakaribia kichwani, Mama Patience. Baba na watoto wanasubiri. Patience amesuka kikapu kidogo cha maua. Nije mpaka wapi?"

"Nimesema ngoja!" Akaikata.

Mbele yao Chrispinus alikuwa amepiga magoti. Mama yake alitandika kanga mpya ndani ya sanduku, akaikunja pembe, akailainisha kwa kiganja. Wakamlaza Awor. Wakamlaza Nafula. Kifuniko kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na Chrispinus akaanza kutafuta misumari mfukoni.

"Mwambie," Nanjala akanong'ona bila kugeuza uso. "Mama Patience, mwambie wewe. Mimi siwezi. Mwambie, hata wanifunge."

Achola alikuwa hamsikii. Kitu kilikuwa kimeanza kifuani mwake. Maumivu ya kujaa, mazito, ya moto, aliyoyajua kwa watoto watatu. Alikunja mikono kifuani akabana. Haikusaidia. Mwili hausomi faili.

Mama Bridgit aliinuka kwa shida, mkono kwenye goti. Alipogeuka, macho yake ya mkunga yakaangukia gauni la Achola, na uso wake ukalegea kwa huruma.

"Binti yangu," akasema kwa sauti ya chini, kama jambo la wanawake tu. "Gauni lako limelowa."

Achola alitazama chini. Madoa mawili, meusi kwenye kitambaa cha bluu, yalikuwa yanapanuka.

"Mtoto wako anakuita huyo. Tangu lini hujamnyonyesha?"

Achola akazidi kubana mikono kifuani.

"Usione haya kwetu, mama. Wa kwetu hahitaji tena. Wako anahitaji." Akamshika kiwiko, akamsaidia kusimama, na kwa mkono ule mwingine akaonyesha mlango wa wodi. "Nenda. Nenda umpe, tutakuelewa. Twende nikusindikize, na mimi nimwone walau huyo mzima."

Nanjala akafunika uso kwa koti la mumewe.

Achola alisimama. Alitazama mlango wa wodi. Alitazama mkono wa yule mama mzee, uliomshika kwa wema wote duniani. Akautoa taratibu, kidole kimoja kimoja.

Halafu akatembea. Lakini hakuelekea wodini.

Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku. Chrispinus, msumari mkononi, aliinua macho akidhani amekuja kuaga, akasogea kumpisha. Achola akapiga magoti, akaitoa ile kanga usoni mwa mtoto, na mbele ya mume wa watu, mbele ya mama mkwe, mbele ya karani aliyekuwa bado dirishani na vitambulisho mkononi, akaanza kufungua vifungo vya gauni lake.